Sinki Linalokoroma

Inspekta alilisikia kabla hajaliona. Alikuwa bado kizingitini, hajamaliza hata kuitikia salamu, pale mtu fulani huko ndani alipovuta maji ya choo. Maji yakashuka kwa kishindo, kisha ukafuata mkoromo mrefu, mzito, kama wa mtu aliyelala chali baada ya kula kupita kiasi.

"Ndilo hilo?" akauliza.

"Ndilo lenyewe," akajibu wifi yake, mke wa mdogo wake, akimpokea mkoba. "Subiri kidogo, utalinusa. Na mkoba huu usiuache barazani. Siku hizi mtaa huu hata kamba ya nguo haina usalama. Nimeibiwa sweta nililomfumia mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe, na aliyeiba namjua."

Akamtupia jicho la pembeni jirani aliyekuwa akifagia ng'ambo ya ukuta mfupi. Jirani akazidi kuinamia ufagio wake.

Inspekta alikuwa amestaafu upelelezi, lakini jina lilikataa kustaafu naye. Ndugu walimwita Inspekta, muuza mboga alimwita Inspekta, na hata daktari wa meno alimwita hivyo huku akimwomba afungue mdomo. Maishani mwake alikuwa amefuatilia wezi wa ng'ombe, wauza viwanja hewa, na bwana harusi mmoja aliyepanga harusi mbili siku moja katika kumbi zinazotazamana. Sinki lilikuwa jambo jipya kwake. Lakini asubuhi hiyo ya Ijumaa mdogo wake alikuwa amempigia simu kwa sauti ya mtu aliyevunjiwa nyumba, na damu ni nzito kuliko maji, hata yale ya bafuni.

Mdogo wake huyo mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mzee Msimamo, na jina hilo hakulipata kwa upendeleo. Alikuwa mtu wa neno lisilorudi nyuma. Siku moja alitangaza barazani kwamba mvua haitanyesha, na iliponyesha alitembea ndani yake pole pole hadi sokoni, mikono mfukoni, ili asionekane amebadili mawazo. Aliugua mafua, akasema ni vumbi.

Inspekta alimkuta sebuleni, ameketi mbele ya televisheni na mkono ameuelekeza kwenye kioo.

"Mtazame huyo golikipa, dada. Unaona jasho lake?"

"Naona mpaka kijipu shingoni."

"Zamani tulikuwa tunaona vivuli tu. Mtu akifunga goli unasubiri mtangazaji akwambie ni nani."

"Umemwita fundi wa televisheni?"

"Yule mwizi? Mambo mengine mtu anajifanyia mwenyewe." Mzee Msimamo akapunguza sauti ya mpira, kisha akaibadili na yake. "Sikukuita kwa ajili hiyo. Nyumba yangu imehujumiwa."

Akaeleza, na maelezo yake yalikuwa hivi. Binti yake wa pekee alikuwa amechumbiwa na kijana fundi bomba. Bafu la nyumba hiyo, tangu ijengwe, lilikuwa na choo na bomba la kuogea tu, na aliyetaka kunawa uso aliinama kama anayetafuta shilingi iliyodondoka. Fundi, kwa kutaka kuonyesha thamani yake, akajitolea kuongeza sinki la kunawia. Akalifunga, likang'aa, watu wakapiga nalo picha. Likafanya kazi vizuri kwa muda, kisha ghafla likaanza kukoroma, na baada ya kukoroma likaanza kunuka. Na kesho, Jumamosi, wazee wa Fundi walikuwa wanakuja kuchukua jibu la posa.

"Wakiingia kesho wakakuta linanuka," akasema Mzee Msimamo, "jibu ni hapana. Mtu asiyeweza kuyaongoza maji kutoka hapa hadi pale, ataongozaje nyumba?"

"Unamshuku yeye?"

"Yeye, au shemeji yangu anayejifungia humo bafuni kama ofisi yake. Ni mmoja wao. Kikulacho ki nguoni mwako, dada."

Binti akaingia na chai. Alimpa shangazi yake kikombe mkononi, akamsindikiza hadi kwenye ukumbi mwembamba wa kuelekea bafuni, na hapo akamshika mkono.

"Shangazi, baba akisema hapana kesho, hataigeuza. Unamjua."

"Namjua tangu anatambaa."

"Nampenda yule kijana. Ananichekesha hata nikiwa nimekasirika, na wewe unajua nikikasirika ninavyokuwa." Machozi yalikuwa karibu, lakini akayameza. "Tafuta kosa liko wapi. Hata kama ni lake, niambie mimi kwanza."

Inspekta hakuahidi kitu. Kazi ilimfundisha kwamba anayeahidi mapema huanza kuona anachotaka kukiona. Akamrudishia kikombe, akaingia bafuni.

Fundi alikuwa amekwisha kufika, amepiga magoti chini ya sinki. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ina makali, na hakuna mtu duniani anayepiga pasi shati ili akafungue bomba la maji machafu. Kando yake lilikuwa boksi la vifaa na ndoo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ila bado sijawa shangazi yako. Hapa wewe ni mshukiwa namba moja. Nieleze, na unieleze kama unayezungumza na mtu asiyejua lolote, maana ndivyo ilivyo."

Fundi akaisogeza ndoo kando. Akamwonyesha bomba linaloshuka kutoka kwenye tundu la sinki, likapinda chini, likapanda tena kidogo, kisha likaingia ukutani. "Kwenye hili pindo, maji kidogo hubaki daima. Hayo ndiyo mlinzi. Yakiwepo, harufu ya shimoni haiwezi kupanda. Ukutani humo bomba la sinki linakutana na bomba kubwa la choo, halafu yote yanakwenda kwenye shimo la maji taka huko nyuma."

"Mafundi wengine huliacha hilo pindo?"

"Wapo. Mimi siwezi."

"Fungua tuone."

Akafungua. Inspekta aliinama akiwa ameziba pua kwa kitambaa. Kilichodondoka kwenye ndoo kilikuwa kijiwingu cha nywele na konzi ya maganda mekundu ya karanga. Maji hayakutoka hata tone.

"Mlinzi ametoroka kazini," akasema Inspekta.

Fundi alilitazama pindo tupu kama mtu aliyekuta kitanda cha mtoto kina mto tu. Inspekta akapitisha kiganja chini ya viungo vyote vya bomba, kisha sakafuni. Pakavu. Maji hayakuvuja nje, kwa hiyo yalikuwa yameondoka kwa njia ya ndani. Akaokota maganda ya karanga kwa ncha za vidole, akayafunga katika karatasi, na akaagiza mshukiwa namba mbili aletwe.

Mjomba, kaka wa mama mwenye nyumba, alikuwa amekuja kukaa siku chache, na siku hizo hazikuisha. Alisimama mlangoni mwa bafu akiwa na taulo begani, ndevu upande mmoja zimenyolewa na upande wa pili zinasubiri.

"Shemeji," akaanza Inspekta, "hebu nieleze kuhusu..."

"Ni mimi," akasema Mjomba.

"Sijauliza."

"Karanga ni zangu. Daktari amenikataza, dada yangu ananipekua mifuko, nifanyeje? Hapa ndipo mahali pekee penye komeo. Na kioo hicho kilichopasuka pembeni nilikipasua mimi, nikasema ni paka. Na sabuni ya wageni ninaitumia."

"Kuna jingine?"

Mjomba akatafakari kwa uaminifu. "Paka nilimfukuza bila kosa."

"Maganda ulianza kuyatupa humu lini?"

"Tangu siku ile ile lilipofungwa. Nililizindua mimi. Na lilikuwa linameza vizuri tu, bila makelele."

Inspekta akamshukuru, akamwachia ndevu zake. Kama Mjomba alikuwa akila karanga juu ya sinki tangu siku ya kwanza na sinki likanyamaza, karanga hazikuwa chanzo cha mkoromo. Hata hivyo hakutaka kuamini kwa masikio. Akamwambia Fundi asafishe pindo, alifunge tena, amimine maji safi. Fundi akafanya hivyo. Wakasubiri huku dirisha likiwa wazi, na baada ya muda hewa ya bafuni ikawa ya kawaida, sabuni na unyevu tu. Mlinzi alikuwa kazini.

"Sasa," akasema Inspekta. Alichana kipande cha karatasi ya chooni, akakilowesha kidogo, akakitandaza juu ya tundu la sinki. "Vuta maji ya choo."

Fundi akavuta. Maji yakashuka kwa kishindo. Karatasi ikatulia kidogo, ikaingia katikati kama kitovu, halafu ikanyonywa yote na kupotea tunduni. Papo hapo sinki likakoroma, kwa muda mrefu na bila aibu. Walipofungua tena pindo, ndoo ilipata matone machache. Na harufu ikapanda.

"Choo kinaiba maji ya sinki," akasema Inspekta pole pole.

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Fundi alisahau woga. "Kinavuta hewa. Ukimimina mafuta kutoka kwenye dumu lililojaa, bila kutoboa tundu upande wa juu, dumu linafanyaje?"

"Linagugumia."

"Kwa sababu linatafuta hewa kupitia mdomo ule ule wa kumiminia. Bomba la choo nalo ni hivyo. Maji mengi yakishuka, nyuma yake lazima hewa iingie. Ndiyo maana kuna bomba la hewa, lile linalopanda ukutani hadi juu ya paa. Hewa ikipita huko, sinki linalala salama. Isipopita huko, inavutwa kupitia hapa, na inaondoka na mlinzi wetu."

"Hilo bomba la hewa umelikagua?"

"Nimelikagua."

"Mpaka juu?"

"Mpaka juu kabisa," akasema Fundi, na macho yake yakahamia kwenye sabuni ya wageni.

Inspekta alikuwa amehoji watu wengi sana maishani, na alikuwa amegundua kwamba mtu mkweli humtazama anayemhoji, mwongo mzoefu humtazama zaidi, ila mwongo mchanga hutafuta kitu kidogo cha kutazama. Sabuni hiyo haikuwa na la kumsaidia.

"Ulipanda kwa ngazi gani?"

"Ya humu humu nyumbani. Iko stoo."

"Twende ukanionyeshe."

Ngazi ilikuwa ya mbao, imeegemezwa ukutani nyuma ya magunia matupu. Inspekta alimtangulia Fundi, akasimama mbele ya ngazi kwa namna ambayo mwili wake, ambao haukuwa mdogo, uliificha karibu yote.

"Kile kipandio kibovu," akasema kama anayeuliza habari za watoto, "ulikipitaje?"

"Kile... nilikikanyaga taratibu tu."

"Kipi?"

"Cha chini?"

Inspekta akasogea. Kipandio kibovu kilikuwa juu, karibu na ncha, kimepasuka katikati na kufungwa kwa waya mweusi ulioviringishwa mara nyingi. Vipandio vya chini vilikuwa vizima kabisa.

"Njia ya mwongo ni fupi, kijana. Yako imeishia stoo."

Shati jeupe lilianza kulowa mgongoni. Fundi akaketi juu ya gunia. "Naogopa urefu," akasema. "Nikisimama juu ya ndoo tu, naona dunia inazunguka. Nilipofunga sinki, nililitazama bomba la hewa kutoka chini, nikaona limenyooka, nikajiambia liko sawa. Mzee aliponiuliza kama nimekagua kila kitu, nikasema ndiyo. Ningemwambiaje baba mkwe kwamba ninaogopa paa?"

"Fundi bomba anayeogopa paa."

"Ndiyo maana nilichagua mabomba, Inspekta. Nilidhani yote yako chini."

Inspekta aligeuka upande ili asionekane anacheka. Alipotulia, akaikagua ngazi. Magunia yalikuwa na vumbi la siku nyingi, lakini vipandio havikuwa na vumbi. Mtu alikuwa ameipanda, na hakuwa huyu. Akaushika ule waya mweusi: ulikuwa waya wa antena. Akapandisha macho hadi kwenye msumari uliotokeza pembeni mwa ngazi. Juu yake ulinasa uzi mmoja mfupi wa sufu, wenye rangi ya papai lililoiva hadi likajuta. Akaufunga katika kitambaa chake, akautia mfukoni.

"Usiondoke," akamwambia Fundi. "Na usimwambie mtu."

Wifi yake alikuwa jikoni, anachambua mchele kwa hasira ambayo haikuwa ya mchele.

"Wifi, hilo sweta lako lilikuwa rangi gani?"

Mikono ikasimama. "Rangi ya furaha," akasema, akavuta droo na kutoa kidonge cha uzi uliobaki. Kilikuwa rangi ya papai. "Nilifuma kipindi chote cha baridi, vidole vinauma. Nikaweka na vifungo vikubwa ili avione hata bila miwani. Alilivaa mara moja, akasema anataka kulitunza."

"Liliibiwa lini?"

"Siku ya fainali ya mpira. Asubuhi nililianika, jioni kamba tupu. Na nani mwingine anaweza kufikia kamba yangu kama si huyo jirani? Tangu siku hiyo sijamsalimia."

"Na mumeo alisemaje?"

Wifi akalegea kidogo. "Kwa kweli alinishangaza. Alinibembeleza. Alisema tusitafute mwizi, tumsamehe, tumwachie Mungu."

Inspekta alikuwa dada wa mtu huyo maisha yake yote. Hajapata kumsikia akimwachia Mungu ugomvi wowote ambao angeweza kuumaliza mwenyewe.

"Na sinki lilianza kukoroma lini?"

"Siku hiyo hiyo ya fainali. Nakumbuka watu walikuwa sebuleni wakishangilia jinsi picha ilivyotakata, mimi nikasikia mtu anakoroma bafuni, nikadhani ni kaka yangu."

Inspekta akatoka nje, akazunguka nyumba hadi uani. Hakuhitaji kutazama kwa muda mrefu. Antena iliyokuwa ikisimama miaka yote mbele ya nyumba, juu ya sebule, sasa ilikuwa nyuma, mahali palipoinuka kuliko pote, juu ya bafu. Nguzo yake ilinyooka moja kwa moja kutoka ndani ya bomba la hewa.

Angeweza kumwita mdogo wake faraghani na kuyamaliza. Lakini alimjua: faraghani angekana, na asubuhi angeamka amejiamini kwamba hakufanya. Halafu kesho ingefika, na binti angekosa mume kwa sababu ya mpira. Zaidi ya hayo, kulikuwa na kijana aliyemdanganya mpelelezi, na uongo huo nao ulitaka malipo yake. Akaagiza ngazi iletwe.

Familia nzima ilikusanyika uani. Mjomba alikuja na ndevu zake za upande mmoja. Jirani alisogea ukutani kuona, ufagio mkononi. Ngazi ilikuwa imeegemezwa chini ya bomba la hewa, na Fundi alikuwa ameishika kwa mikono miwili kama anayeizuia isimpande yeye.

"Bomba la hewa limeziba," Inspekta akatangaza. "Fundi atapanda kulizibua."

Hapo ndipo televisheni ilipoachwa peke yake na Mzee Msimamo akatokea, kandambili moja mguuni, nyingine njiani.

"Anapanda wapi?"

"Juu."

"Hakuna haja."

"Kwa nini?"

"Ngazi ni mbovu."

"Umejuaje?"

Mzee Msimamo akatazama huku na huku. "Ngazi zote ni mbovu," akasema.

Binti alikuwa amemsogelea Fundi. Alijua siri ya ndoo na dunia inayozunguka. Alikuwa ameijua tangu mwanzo. "Usipande," akamwambia kwa sauti ya chini. "Tutafute mtu mwingine."

"Kesho ni kesho, wazee wanakuja," akajibu Fundi. Akafumba macho, akaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza, kisha cha pili. Alipanda kama mtu anayehesabiwa dhambi zake. Alipofika katikati alisimama, paji la uso kwenye mbao, na ngazi ikaanza kutetemeka pamoja naye.

Mzee Msimamo akashindwa kuvumilia. Alikimbia, akamshika pindo la suruali. "Shuka. Shuka, mwanangu. Sinki si kitu. Linanuka kidogo tu, nani hanuki? Nimelizoea. Shuka, mwanangu, utaanguka."

Mke wake akaweka mkono kifuani. Mjomba akajifuta jicho kwa taulo. Wote waliona baba mkwe aliyeshikwa na huruma, isipokuwa Inspekta, aliyeona mtu anayeikimbilia antena yake.

Na Fundi, huko juu, alisikia neno moja tu. Aliambiwa mwanangu. Tangu aanze kuja nyumba hiyo alikuwa akiitwa wewe, na siku za heri, wewe kijana. Akafumbua macho. Akaichomoa suruali yake taratibu kutoka mikononi mwa Mzee, na kabla yeyote hajasema neno alikuwa amepanda mpaka ukingo wa paa, akiwa amekumbatia bomba la hewa.

"Inspekta," akaita kwa sauti nyembamba, "kuna nguzo ya antena imechomekwa humu. Imekazwa kwa nguo."

"Itoe."

Nguzo ikachomoka, ikalala juu ya bati, na sebuleni golikipa akageuka kuwa mchele unaochemka. Fundi akaingiza mkono, akavuta, akavuta tena. Kitu kirefu, chenye rangi ya papai na masizi, kikatoka mkono mmoja baada ya mwingine, kikatua uani na vifungo vyake vikubwa vikagonga saruji.

Mke wa Mzee Msimamo aliliokota sweta lake kwa vidole viwili. Akamtazama jirani. Jirani akamtazama yeye. Kisha wote wawili wakamtazama Mzee Msimamo.

"Upepo," akasema Mzee Msimamo.

"Upepo ulilitoa kwenye kamba?" akauliza Inspekta.

"Siku hiyo ulivuma sana."

"Ukalipandisha paani, ukalikunja, ukalishindilia kwenye bomba?"

"Huwezi kujua, dada. Upepo una mambo." Na uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya mvua. Inspekta aliujua. Hata kitambaa chenye uzi wa sufu, hata kidonge cha jikoni, visingeutikisa uso huo.

Ni Binti aliyepiga kelele. Juu ya paa, kazi ikiwa imekwisha na ujasiri umekwisha pamoja nayo, Fundi alikuwa amefanya kosa la kutazama chini. Mikono yake ililing'ang'ania bomba, macho yamemtoka, na mguu mmoja ulikuwa ukipapasa hewani ukitafuta ngazi bila kuiona.

Mzee Msimamo alikuwa chini ya ngazi kabla ya mtu mwingine kusogea. Aliikamata kwa mikono yote miwili, akakita miguu, ile kandambili moja ikaruka.

"Nitazame mimi," akasema. Sauti yake ilikuwa nyingine. "Usitazame chini, tazama ukuta. Mguu wa kushoto, shusha. Shusha tena. Hapo. Sasa subiri, mwanangu, hicho kinachofuata usikikanyage katikati, kimepasuka. Kanyaga pembeni, kulia, karibu na msumari. Nilikifunga kwa haraka, hakina nguvu. Pembeni. Vizuri. Sasa vingine vyote ni vizima, njoo."

Fundi akashuka kipandio kwa kipandio, mpaka akamwangukia Mzee Msimamo shingoni na shati lake lililokuwa jeupe. Walisimama hivyo kwa muda, mmoja akihema, mwingine akimpigapiga mgongo. Kisha Mzee Msimamo akagundua kwamba uani wote wanamtazama yeye. Akapitisha kichwani maneno aliyotoka kuyasema. Inspekta alimwona akiyapitia, moja moja, mpaka akafika penye *nilikifunga*.

"Lilikuwa linawasha," akasema hatimaye, bila kumtazama mkewe. "Shingoni na kwapani. Na nguzo ilikuwa inacheza kwenye bomba, ilitaka kitu cha kuikaza. Na fainali ilikuwa inaanza."

Inspekta akawaacha, akaingia bafuni. Akatia maji kwenye sinki, akatandaza karatasi nyepesi juu ya tundu, akavuta maji ya choo. Karatasi haikutikisika. Akavuta tena, kwa mazoea ya kazi, akasubiri huku ameinamisha sikio. Hakuna aliyekoroma.

Aliporudi, wifi yake alikuwa ukutani, akiongea na jirani kwa sauti ya mtu anayeanza kuomba msamaha na bado hajajua ataumalizaje. Fundi aliketi chini, Binti akimpepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Shangazi," Fundi akasema, "maji yanabaki?"

"Yanabaki," akajibu Inspekta, na hakumsahihisha.

Mke wa Mzee Msimamo akarudi kutoka ukutani na sweta lake. Alisimama mbele ya mumewe, akalipima juu ya kifua chake, bega kwa bega.

"Kesho wazee wa mwanao wanakuja," akasema. "Utawapokea umevaa hili."

"Nilishasema mimi hili silivai."

"Hukusema. Ulisema unalitunza."

Mzee Msimamo akamtazama dada yake, ambaye alikuwa anatazama mawingu. Akamtazama Mjomba, ambaye alikuwa na karanga mdomoni. Akamtazama Fundi, aliyepanda paa kwa ajili ya nyumba hii, kisha akalitazama lile sweta, masizi, vifungo na yote.

"Basi lifueni kwanza," akasema.